Ganda la Namba Kumi na Mbili

Afande Marwa alitandika turubai pembeni ya uwanja wa mpira wa Mhunze, akapanga risasi juu yake kama mama anayepanga mafungu ya nyanya sokoni. Wanamgambo themanini na wawili wakakaa chini kumzunguka. Mbuke alikaa nyuma kabisa, mahali pake pa siku zote, ambako afande akiuliza swali macho yake huishia kwa walio mbele.

"Risasi ni nini?"

"Kitu cha kuulia, afande!" kijana mmoja akajibu.

"Hata shoka linaua. Hata mama mkwe anaua. Nimeuliza risasi ni nini."

Watu wakacheka. Mbuke hakucheka. Tangu Februari ya mwaka uliopita, kicheko kilikuwa kitu anachokiona kwa wengine, kama mtu anayetazama mvua ikinyesha kijiji cha pili.

Afande akainua moja. "Mnachokiita risasi ni vitu vinne vilivyofungwa pamoja. Hili la nje ni ganda. Hiki cha mbele ni kichwa, ndicho kinachokwenda kwa mtu. Ndani kuna baruti. Na hapa kwenye kitako, hiki kidoti cha katikati, ni kiwashio. Pini ya bunduki inakigonga, kinatoa cheche, baruti inalipuka, kichwa kinakwenda, ganda linabaki. Kwa hiyo ukiokota ganda usije mbio kwangu kuniambia umeokota risasi. Umeokota sahani. Chakula kimeshaliwa."

Akawaonyesha moja baada ya nyingine. Fupi nene, ya bastola. Yenye shingo iliyobanwa kama ya chupa, ya SMG. Ndefu kama kidole cha kati cha mtu mzima, ya bunduki ya askari wa wanyamapori. Kisha akainua mbili za plastiki zenye vitako vya shaba.

"Hizi ni za shotgani. Hazina kichwa kimoja. Humu ndani zimejaa gololi ndogondogo, marisau, zikitoka zinatawanyika. Ndiyo bunduki ya mlinzi, na ndiyo mtakayopewa wengi wenu mkipata kazi migodini, kama Mungu atawasahau."

Wakacheka tena. Moja kati ya zile mbili ilikuwa nyekundu. Mbuke aliitazama, na mikono yake iliyokuwa ikichezea majani ikatulia.

Ganda kama lile aliliokota yeye.

Kaka yake, Masalu, alikuwa mchimbaji wa dhahabu Katoro. Alirudi nyumbani na begi la mgongoni, akashuka kwenye bodaboda barabarani, akashika njia ya miguu inayopita kando ya pamba ya Mzee Magesa. Hapo ndipo alipopigwa risasi, na begi likaenda na aliyempiga. Polisi walikuja, wakapima kwa hatua, wakaandika, wakaondoka na mwili. Siku ya tatu Mbuke alipita pale kutafuta kuni, akaona kitu chekundu kati ya mashina ya pamba. Akakiokota, akampelekea baba yake. Baba yake, Mzee Mihayo, akakipeleka kwa Bujiku, mtemi wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji.

Kijiji kizima kilikuwa na bunduki moja tu. Ilikuwa ya Mzee Magesa, shotgani kuukuu aliyoirithi kwa baba yake aliyewahi kulinda kinu cha pamba cha Mhindi. Na wiki mbili kabla ya hapo Magesa na Masalu walikuwa wametukanana kwa sababu ya ng'ombe walioingia kwenye pamba. Watu hawakuhitaji kuambiwa zaidi. Polisi walimshikilia Magesa siku tisa wakamwachia, bunduki wakabaki nayo kwa sababu leseni ilikuwa imeisha. Kijiji kikasema ametoa kitu kidogo. Ganda lenyewe polisi hawakuliona kamwe. Sungusungu walisema litakaa kwao, maana vitu vikifika polisi hupotea.

Wakamtenga Magesa. Asisalimiwe. Asipewe moto wala chumvi. Ng'ombe wake wasinywe kwenye lambo la kijiji. Na kila kitu chake kilicho ndani ya nyumba ya mtu kichomwe, na atakayekutwa nacho atozwe faini. Vitu vyake vilikuwa karibu vyote vya aina moja. Kwa miaka thelathini, kila alipopiga fisi au kanga, Magesa aliwagawia wazee maganda matupu, nao wakayachongea vizibo vya mti na kutunzia ugoro. Siku ile wazee walipita mmoja mmoja wakitupa maganda motoni. Moshi wa plastiki uliwakaba watu wote koo, na Mbuke alisimama akiuvuta kama wengine. Sasa ulikuwa umepita zaidi ya mwaka.

"Someni hapa kwenye kitako," afande alikuwa akisema.

"Kumi na mbili, afande!"

"Na hii ya kijani?"

"Kumi na sita!"

"Ipi kubwa?"

"Kumi na sita!" wakajibu karibu wote kwa sauti moja.

Afande Marwa alitabasamu kama mtu aliyetega ndege akampata. "Kaeni hivyo hivyo na ujinga wenu niwatazame vizuri. Ukichukua mkate ukaukata vipande kumi na mbili, halafu mwingine wa saizi hiyo hiyo ukaukata kumi na sita, kipande kipi kinashibisha? Wazungu wa zamani walikata ratili moja ya madini, kama nusu kilo, kuwa gololi hivyo hivyo, na gololi moja ndiyo unene wa mtutu. Kumi na mbili ni nene. Kumi na sita ni nyembamba. Ukimpelekea mwenye bunduki ya kumi na sita risasi ya kumi na mbili, atarudi kukutukana. Haiingii."

Mbuke alisubiri hadi wenzake walipokwenda kwenye uji. Afande alikuwa akirudisha risasi kwenye kopo, akizihesabu kwa midomo.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Ala! Kumbe una sauti. Sema."

"Ganda la kumi na mbili... linaweza kutoka kwenye bunduki ya kumi na sita?"

"Nimesema haiingii."

"Hata kama bunduki ni ya zamani?"

"Hata ikiwa ya Adamu." Afande akafunga kopo. "Kwenu kuna bunduki?"

"Hapana."

"Basi unauliza ya nani?"

Mbuke alitazama viatu vyake. Afande akangoja kidogo, kisha akatikisa kichwa na kwenda zake.

Mbuke aliacha shule darasa la tano, mama yake alipougua. Tangu hapo, kwa kuogopa herufi zisimtoke kichwani, alisoma kila kilichoandikwa: magunia, nguzo za umeme, mifuniko, hata vitako vya maganda ya ugoro ya wazee, vyote vya kumi na sita. Asubuhi ile kwenye pamba alikuwa amelisoma lile ganda pia kabla hata hajafikiri limefikaje pale. Kitako chake kilizungukwa na namba ile ile mara mbili. Kumi na mbili. Kumi na mbili.

Jumamosi alipewa ruhusa ya kwenda nyumbani. Alimkuta baba yake nyuma ya zizi, amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Mzee Mihayo alikuwa ameshachoma ganda lake mbele ya kijiji kizima, lakini alikuwa na la pili. Mbuke alijua. Kila aliyeishi kwenye nyumba ile alijua na hakuna aliyelitaja. Lilikuwa la kijani lililopauka, na alipomwona binti yake alilifunika kwa kiganja.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mayu, mama yangu. Umekonda. Huko hawawalishi?"

"Wanatulisha. Baba, naomba nilione hilo."

"Lipi?"

"Hilo la ugoro."

Mzee akafungua kiganja, kwa sababu ya uchovu zaidi kuliko kukubali. Mbuke aligeuza kitako. Shaba ilikuwa imeng'aa kwa miaka ya kushikwa, lakini namba zilisomeka. Kumi na sita. Kumi na sita.

Akamweleza. Alieleza vibaya, akianzia kwenye mkate, akarudi kwenye bunduki, akasahau ratili. Baba yake alimsikiliza akitazama ng'ombe.

"Kwa hiyo si Magesa."

"Si bunduki yake, baba."

"Basi ni nani?"

"Sijui. Labda mtu aliyemfuata kutoka Katoro. Walijua ana dhahabu."

"Mtu wa Katoro." Mzee alilitamka jina lile kama anaonja kitu. "Mtu wa Katoro hana uso, Mbuke. Hana nyumba ninayoweza kuipita asubuhi nikaigeuzia mgongo. Magesa ana uso. Mwaka mzima nimemchukia, na hiyo chuki ndiyo inayoniamsha. Ukiniondolea, utanipa nini?"

Mbuke alimrudishia ganda lake. Alijaribu kumhurumia, akajaribu pia kumwonea huruma Magesa, ambaye mkewe alikuwa akichota maji kwenye shimo la mto mkavu, mwendo wa saa mbili. Alijua kwamba anapaswa kuona uchungu mahali fulani. Alichokiona ni kwamba yeye ndiye aliyeokota kitu kile kati ya mashina ya pamba, na kama asingekiokota, mzee yule angekuwa anasalimiwa.

"Kesho kuna mkutano," alisema.

"Wanawake hawasemi kwenye mkutano wa sungusungu kama hawajaitwa."

"Niliitwa mara ya kwanza. Sijaambiwa nimemaliza."

Baba yake alimgeukia, akamtazama kwa muda mrefu, kama anayemtambua mtu kutoka mbali.

Mkutano ulikaa mbele ya ghala la ushirika la pamba, Jumapili baada ya watu kutoka kanisani. Walianza na mbuzi aliyepotea akapatikana kwa jirani, akaletwa kama ushahidi, wakaja kwenye kijana aliyemtukana shangazi yake. Mbuke alikaa pembeni na wenye shida zao. Zamu yake ilipofika alisimama, na Donatus, katibu, akafungua daftari.

"Mbuke binti Mihayo. Shida yako?"

Alisema. Hakuna aliyemsikia.

"Sauti!" watu wakapiga kelele.

"Huyu mmemlisha michembe ya viazi tu, hana nguvu," mtu akasema, wakacheka.

Donatus akamsogelea, akainama, akasikiliza, kisha akainuka na kutangaza kama mnadi wa mnadani. "Anasema yeye ndiye aliyeokota ganda!"

"Tunajua!"

"Anasema ganda lile limeandikwa kumi na mbili!"

Bujiku aliagiza liletwe. Donatus alilitoa kwenye mfuko wa sukari alimolitunza, akalisoma kitako, akakubali kwa kichwa.

"Anasema bunduki ya Magesa ni ya kumi na sita! Anasema risasi ya kumi na mbili haiingii!"

Bujiku alikuwa mtu mpana, mwenye upinde begani hata akienda kununua chumvi. Alikunja uso akafikiri.

"Binti, wewe umefika darasa la ngapi?"

"La tano."

"Mimi nilifika la saba. Kumi na sita ni kubwa kuliko kumi na mbili. Kidogo kinaingia ndani ya kikubwa. Tena kinaingia kikicheza."

"Kabisa!" watu wakaitikia. "Mtemi kapiga hesabu!"

Mbuke akasema tena, na Donatus akatangaza habari za mkate, vipande kumi na mbili na vipande kumi na sita. Wanawake waliosimama nje ya duara wakaelewa kwanza, maana ndio wanaokata. Mmoja akasema kwa sauti, "Kweli, cha kumi na sita ni chembamba." Wanaume wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe.

"Mkate si bunduki!" Bujiku akawazima. "Nani ameiona hiyo kumi na sita? Bunduki iko polisi."

Mbuke akamnong'oneza Donatus. Safari hii Donatus hakutangaza mara moja.

"Anasema... mwenye ganda la ugoro la Magesa alitoe, yalinganishwe."

Mzee mmoja akaanza kukohoa. Mwingine akainama kufunga kiatu kisichokuwa na kamba. Mbuke aliwatazama kwenye duara, na kwenye mifuko ya mashati, na kwenye mapindo ya mashuka yaliyofungwa begani, aliona vitu virefu vidogo vikisimama chini ya nguo. Vilikuwa vingi. Kila mmoja alikuwa nalo, na kila mmoja alijua kuwa kulitoa ni kukiri mbele ya wote kwamba amekaa mwaka mzima na kitu cha mtu aliyetengwa.

"Yalichomwa," Bujiku akasema. "Wote tuliona. Kaa chini, binti."

Angeweza kutaja jina moja. Baba yake alikuwa amekaa safu ya pili, mkono juu ya mfuko wa koti. Hakulitaja. Hakukaa pia. Wengine baadaye walisema alikuwa jasiri, lakini haikuwa hivyo. Miguu yake ilikuwa imezoea kusimamishwa juani na Afande Marwa saa nzima bila kuambiwa kwa nini, na sasa ilisimama yenyewe tu. Hakuwa na hasira. Hakuwa hata na aibu, aibu aliyoizoea tangu utotoni, iliyokuwa ikimpandisha damu masikioni kila akitazamwa na watu watatu. Walimtazama watu mia mbili, na masikio yake yalikuwa ya baridi.

"Nimesema kaa chini."

Alisimama. Mbuzi wa ushahidi akalia. Mtoto akaambiwa na mama yake anyamaze. Bujiku akamwangalia Donatus, Donatus akaangalia daftari.

Ndipo Mzee Mihayo akainuka. Aliinuka kwa shida, akishika bega la jirani yake.

"Nilichoma moja," alisema. "Nilikuwa nayo mawili."

Akatoa ganda la kijani na kumpa Donatus bila kumtazama mtu. Minong'ono ikapita kwenye duara kama upepo kwenye mtama. Donatus akang'oa kizibo.

"Usimwage!" mzee mmoja akapiga kelele bila kujizuia, na watu wakacheka ghafla, wakaacha ghafla.

Donatus akachukua kile kizibo, kilichochongwa kukaa sawasawa kwenye mdomo wa ganda la kijani, akakiweka kwenye mdomo wa lile jekundu. Kikatumbukia ndani. Akaligeuza, kikamdondokea kiganjani. Akakirudisha, kikatumbukia tena. Kisha akayasimamisha maganda mawili juu ya daftari, kitako kwa kitako, na hata waliokuwa mbali waliona kwamba jekundu lilikuwa nene.

"Bunduki inaweza kuwa mbili," Bujiku akasema, lakini kwa sauti ndogo.

"Magesa alikuwa na moja tu na wewe unaijua," akajibu yule mzee aliyekohoa. Akatia mkono kwenye pindo la shuka lake. "Nami ninalo. Lisomeni." Akafuatia mwingine. Lililetwa la bluu, la manjano, likaja moja la karatasi ngumu la zamani lililokuwa kama gome. Donatus alisoma vitako kwa sauti, kumi na sita, kumi na sita, mpaka sauti ikamkauka. Mtu akauliza, "Na la mtemi?" Bujiku akafungua mfuko wa shati.

"Habari za faini," akasema, "tutazizungumza siku nyingine."

Hakuna aliyecheka kwa nguvu. Wakaamua kabla ya jua kuinama: Magesa atolewe kwenye kutengwa, na waliompeleka huko waende wakamwambie wenyewe. Waliompeleka huko walikuwa Mzee Mihayo na binti yake.

Walikwenda wawili. Njiani walipita kando ya ile pamba, safari hii mabua matupu, na baba yake hakugeuza uso. Alitembea akitazama mbele, mikono ikining'inia, kama mtu aliyetuliwa mzigo asijue mikono huwekwa wapi.

Mzee Magesa alikuwa uani akishona mkanda wa ndoo. Alikuwa ameota mvi hadi kwenye nyusi. Aliwaona wakiingia, akaendelea kushona.

"Shikamoo," Mbuke akasema.

Magesa hakuitika. Haikuonekana kama hasira. Alikuwa kama mtu aliyesikia kitu kwa jirani. Mbuke akarudia, na mzee akainua kichwa, akatazama nyuma yake, kuona anayesalimiwa ni nani.

Mihayo akasimama mbele yake. "Kaka yangu," alisema, "mkutano umekutoa. Bunduki haikuwa yako. Nilikuwa wa kwanza kukutaja."

"Nilijua kwamba haikuwa yangu."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Siku ya kwanza nilisema siku nzima." Magesa akakata uzi kwa meno. "Basi aliyemuua Masalu ni nani?"

"Hatujui."

Magesa alitikisa kichwa taratibu. Alimtazama Mihayo, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea kidogo, kana kwamba kati yao wawili yeye ndiye aliyepata nafuu.

"Hilo ni gumu," alisema. "Pole."

Mzee Mihayo akakaa chini pale pale kwenye vumbi, akafunika macho kwa mkono, mabega yakaanza kumtetemeka. Hakuwa amelia msibani. Mkewe Magesa akatoka ndani na kibuyu cha maji, akasimama nacho mlangoni, hajui kama anaruhusiwa kukileta.

"Ng'ombe hawajanywa tangu jana," Magesa akamwambia Mbuke. "Lambo liko wazi?"

"Liko wazi."

"Basi wapeleke. Mimi miguu imekataa, na baba yako si wa kuachwa peke yake."

Mbuke akafungua zizi. Walikuwa saba waliobaki, mbavu nje, na walipotoka waliinua pua, wakashika njia ya lambo wenyewe bila kuongozwa. Aliwafuata na fimbo. Watu waliokuwa wakirudi kutoka mkutanoni wakawapisha. Kwenye ukingo aliondoa miiba iliyowekwa kwenye lango la upande huo kuwazuia, mmoja ukamchoma kiganjani ndani kabisa, akautoa na kutazama damu ikitoka. Ng'ombe wakaingia hadi magotini wakainamisha vichwa. Alisubiri pale, akisikiliza wanavyokunywa, hadi wa mwisho aliponyanyua kichwa.